Siku Nilipomwamkia Mama Mkwe Nikiwa Chooni

Aibu niliyoipata siku ya kuzindua choo cha soko, ningepata mtu wa kumgawia ningemgawia hata yote, lakini watu wa mji huu hawanipi nafasi ya kuisahau, maana nikipita tu gulioni na kikapu changu cha viazi nasikia mtu nyuma yangu anauliza, "Mkwe, umo?" na soko zima linaangua kicheko. Kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wale wanaotia chumvi.

Mimi ni mhudumu wa afya katika mji wetu huu mdogo wa njia ya Mlalo, ambao juzijuzi tu ulikuwa vibanda vichache na mashine ya kusaga, na sasa nyumba zimebanana mpaka vyoo vya majirani vinapeana migongo. Kazi yangu ilikuwa kupita na kipaza sauti kuwahimiza watu watumie vyoo bora. Sasa, kwetu Usambaani mtu na mkwewe hawachangii choo, wala haifai mmoja amwone mwenzake akielekea huko. Mama mkwe wangu, Mama Zaina, akija nyumbani kumwona binti yake, akibanwa anaaga kwamba anakwenda kumsalimia dada yake, anapanda kilima chote kile na goti lake bovu. Na mimi ndiye niliyekuwa natangaza mitaani, bila hata kumeza mate, "Choo si aibu, ndugu zangu! Mkwe na mkwe, tumieni choo kimoja!" (Mke wangu akinisikia alikuwa anafunga dirisha.)

Siku hiyo tulikuwa tunamsubiri mgeni rasmi kutoka wilayani, aje afungue koki ya sokoni na hicho choo kipya, na sote tulijua kwamba akiridhika bomba litapandishwa mpaka kitongoji cha juu, kwa kina Mama Zaina, ambako wanawake bado wanateremka kijitoni na ndoo kichwani. Akikuta mambo ya ovyo, basi bomba linakwenda mji mwingine. Mama Zaina alikuwa ameniambia jana yake, macho ameyaelekeza pembeni kama ilivyo adabu, "Baba, msituangushe."

Asubuhi ilikuwa ya ukungu na baridi ya kung'ata, mimi nimevaa koti la harusi yangu na baraghashia mpya, na kwa wasiwasi nimekunywa chai ya tangawizi kikombe juu ya kikombe, nikabanwa. Choo cha msikitini kilikuwa ng'ambo tu ya barabara, lakini nikajiambia, Athumani, choo hiki umekipigia kelele wewe, nani atakuzuia? Nikainama chini ya utepe nikaingia. Upande wa wanaume mafundi walikuwa wameujaza mifuko ya saruji, kwa hiyo nikaingia upande wa wanawake. (Ndiyo, wa wanawake, msinitazame hivyo.)

Nimemaliza, nataka kutoka, nasikia vigelegele mlangoni. Nikachungulia penye ufa, nikaona kikundi cha akina mama kimejipanga palepale nje kumpokea mgeni, na aliyekuwa mbele kabisa, kanga imefungwa vizuri, ni Mama Zaina! Mtu mwingine yeyote ningetoka nikacheka naye, lakini yeye, na mimi natoka chooni, tena cha wanawake? Nikaamua kungoja waondoke. Hawakuondoka. Gari la mgeni likafika, hotuba zikaanza, na nikamsikia Mzee Kaniki, mwenyekiti wetu wa kamati ya maji, akiita kwenye spika, "Bwana Athumani yuko wapi? Jamani, nani kamwona Athumani?"

Hapo nikapata wazo la kijinga kuliko yote: nifungue maji nisafishe sakafu, nikionekana niseme nilikuwa nafanya usafi. Nikaizungusha koki, kichwa chake kikabaki mkononi mwangu. Sasa mnajua maji yetu yanateremka kutoka msituni juu kabisa, yana nguvu na ni baridi kama yametoka kwenye barafu, yakanipiga kifuani nikagonga ukuta. Nikaziba kwa kiganja, yakageukia dari. Nikavua baraghashia nikaisokomeza kwenye bomba na kuikandamiza kwa mikono miwili, na kwa kuwa komeo la mlango fundi alikuwa hajalifunga, mguu mmoja nikauegemeza mlangoni, nikabaki nimetanuka hivyo, natetemeka, huku maji yakiendelea kutoka pembeni na kupita chini ya mlango.

Nje, mgeni rasmi akafungua koki yake. Ikakohoa, ikatoa upepo, ikanyamaza.

Halafu nikamsikia mgeni, sauti imebadilika, "Mwenyekiti, maji ndiyo haya?"

"Mheshimiwa, jana yalikuwepo," akajibu Mzee Kaniki, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

"Mwe! Yako huku!" akapiga kelele Mama Zaina. "Yanatoka chooni! Ngojeni, huu ni upande wetu, naingia mimi."

Akasukuma mlango. Mguu wangu ukateleza.

Tukatazamana, yeye mbele ya mji mzima, mimi nimelikumbatia bomba, kichwa wazi, koti la harusi linachuruzika. Mdomo wangu, ambao umelelewa vizuri na wazazi wangu, ukafanya ulichofundishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu, maana naye kalelewa. "Za hapa?"

"Nzuri."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilitamani bomba linimeze. Mgeni rasmi alisogea, akatazama yale maji, akajifuta machozi ya kicheko, akasema kama maji yana nguvu ya kumbandika bwana afya ukutani basi kule juu yatafika, na kweli yamefika, Mama Zaina ana koki uani kwake.

Mwezi uliopita alikuja kwetu. Alipobanwa nikamwona anatazama kilima, anashika goti, kisha akageuka akaenda moja kwa moja mpaka kwenye choo chetu, akagonga mlango, akauliza kwa sauti majirani wote wakasikia, "Mkwe, umo?" Nilikuwa nyuma ya kabichi za bustani yetu, nimejikunyata nisionekane, nimeziba mdomo kwa kiganja, sijui kama nacheka au nalia. Tangu hapo nimeapa: choo ambacho hakijakatwa utepe, hata nibanwe namna gani, navuka barabara.