Barua kwa Mtu Aliyenipa Mtamba

Shule niliiacha darasa la tatu, na sijawahi kuililia. Nilianza kwa kuuza mbuzi wa watu wengine sokoni Kitengela. Leo niko na ng'ombe wangu, nyumba ya mawe na watoto waliosoma. Barua nyingi nimeziandikisha bila kukuna kichwa. Moja tu ilinishinda, tena ilinishinda kwenye salamu, kabla hata sijasema ninachotaka.

Nilichotaka kilikuwa wazi. Ng'ombe wangu hupita njia ya mifugo kwenda bwawani, upande wa Isinya. Mtu mmoja wa Nairobi alinunua ploti pale, akaanza kusimamisha nguzo katikati ya njia. Akimaliza kuvuta waya, mifugo yangu itabidi izunguke kwa lami, katikati ya malori. Nilimwendea. Akaniambia yeye ana karatasi, na mimi kama niko na neno nilipeleke kwa maandishi, ofisi ya ardhi, Kajiado.

Sasa, mkubwa wa ofisi hiyo ameoa binti wa marehemu ndugu yangu. Wakati wa mahari alinipa mtamba mwekundu. Kwetu Wamaasai, mtu akikupa ng'ombe mnaacha kuitana majina. Yeye ananiita Pakiteng, yaani mwenzangu wa ng'ombe, nami namwita Pakiteng, mpaka kaburini. Kumwita kitu kingine ni kama kumrudishia mtamba wake watu wakiona.

Nikaenda Noonkopir kwa mama mmoja wa kutoka magharibi, ana duka la kuchapa barua.

"Inaenda kwa nani, mzee?"

"Andika Pakiteng."

"Hilo ndilo jina lake?"

Nikamweleza habari ya mtamba. Akacheka mpaka akaondoa mikono kwa kompyuta. "Kwa hivyo nianze aje? Mpendwa Ng'ombe?"

"Wewe chapa, wacha kuchekelea ng'ombe za watu."

"Mzee wangu, sikatai. Lakini hii itawekwa kwa faili, na mwenye ploti ataomba kuiona. Si atasema umemwandikia mkwe wako akupendelee?"

Hapo alisema kweli. Haki ilikuwa yangu, lakini salamu yangu ingeifanya ionekane kama kitu cha wizi.

"Basi tuweke Mheshimiwa," akasema.

"Mheshimiwa! Rika la watoto wangu huyo."

"Bwana Afisa?"

"Hiyo ni ya mtu nisiyemjua."

"Mzee, chagua. Watu wanangoja nyuma yako."

Nikatoka nje, nikampigia mkwe simu. Tukasalimiana kwa Kimaa chetu vile inavyotakiwa, bila haraka: mvua, watoto, ng'ombe, mvua tena. Ndipo nikasema, "Pakiteng, utapata barua kutoka kwa mtu asiyekujua. Mtu huyo ni mimi. Usikasirike."

Akauliza, "Inahusu nini?"

"Sikuambii kwa simu. Ukiisoma utajua."

"Na itaniita nani?"

"Bwana Afisa."

Nikasikia akivuta pumzi. "Hiyo ni baridi, Pakiteng."

"Ni baridi. Vaa koti."

Alicheka, lakini si sana. Nikarudi ndani nikamwambia yule mama achape Bwana Afisa, na chini yake maneno yangu yote kuhusu njia, bila sukari. Nikaipeleka Kajiado mwenyewe, nikaiacha kwa dirisha la kupokelea barua, nikaondoka bila kuuliza mkubwa yuko wapi.

Alipoisoma alielewa. Hakuigusa tena. Aliipitisha kwa msaidizi wake, mwanamke Msomali asiyenijua mimi wala huo mtamba. Huyo ndiye alikuja na ramani na wapimaji, akatembea kwa miguu mpaka bwawani, viatu vikajaa vumbi. Njia ilikuwa kwenye ramani kabla ploti hazijakatwa. Mwenye ploti aliitisha faili, akasoma barua yangu juu mpaka chini akitafuta pa kunishika. Hakupata.

Nguzo alizing'oa mwenyewe, akinung'unika, na mashimo akayaacha wazi. Kesho yake nilisimama hapo na fimbo nikizuia ndama wasitumbukie, mpaka ng'ombe wote wakapita kwenda kunywa maji.