Mikono Iliyomlisha Nyanya

Nilisikia mkwaruzo kabla sijafumbua macho. Kitu kikavu kilikuwa kikikwaruza kitu kigumu, kikanyamaza, kikaanza tena polepole, kama mtu anayetafuta njia kwa fimbo. Nilidhani panya ameingia chunguni. Nikavuta blanketi hadi masikioni, nikarudi usingizini, maana nilikuwa na uchovu ule wa mtu anayepaswa kuamua jambo na hataki kuliamua. Nilipoamka, mwanga ulikuwa umekwisha kupenya kwenye mianya ya ukuta. Nyanya alikuwa ameketi kigodani karibu na mafiga, mikono imetulia magotini. Kifuani, kwenye shuka lake, palikuwa na doa bichi la uji.

"Kuku wamekupanda, nyanya?"

"Kuku wangu wana adabu kukushinda. Nenda ukachote maji."

Nikaenda kuchota maji.

Tulikaa Kabiria, mwisho wa njia iliyopita katikati ya miti ya miwati. Nyumba ya mabati ilikuwa ya baba, lakini baba, siku zile za hali ya hatari, alikuwa amechukuliwa na lori la askari, na hatukujua amewekwa wapi. Alibaki humo mama mdogo, mke wa ndugu yake baba, pamoja na watoto wake. Mimi nililala kwa nyanya, mzazi wa mama yangu, katika nyumba ya udongo aliyojengewa na baba uani, kama nilivyolala tangu mama yangu alipofariki nikiwa mtoto.

Nyanya alikuwa kipofu. Ukungu ulianza jicho moja, ukahamia la pili, na ulipofunga kabisa nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi nyumbani na cheti changu cha uuguzi. Tangu siku hiyo alikubali kula kutoka mkono mmoja tu, mkono wangu. Nilimpa uji kwa kata, nikamfinyangia tonge la viazi na maharagwe, nikamwekea mdomoni. Mama mdogo alijaribu mara moja, akafumbiwa mdomo kama mtoto anayekataa dawa. "Asiyeona hula imani," nyanya alisema, na neno lake likawa sheria ya ua mzima.

Imani yake ilikuwa na mpaka. Kwetu, kwa mila za wazee, mtu hakugusa maiti. Aliyegusa alikuwa na unajisi. Hakula na wenzake wala kulisha mtu mpaka atakaswe kwa mbuzi na maneno ya mganga. Nilipokuwa nikisoma uuguzi katika hospitali ya misheni, kila likizo alinishika viganja, akavinusa, akauliza, "Umegusa?"

"Sijagusa."

"Basi karibu, mke mwenza."

Ndivyo alivyoniita kwa utani, maana mjukuu wa kike na nyanya yake wote ni wake wa babu. Na nilisema kweli. Misheni, mimi nilikuwa wodi ya wazazi, na wafu walikuwa kazi ya mzee mmoja aliyelelewa na wamisheni tangu utotoni, mtu asiye na ukoo wa kumkataza. Nilimwona akipita na toroli yake nyuma ya jikoni. Hakuna aliyemsalimia kwa mkono.

Nilikuwa nimetamani uuguzi tangu siku mama alipofia zahanatini. Watu wetu walisimama nje, chini ya mti, nyuso zimegeuka. Mimi nilichungulia mlangoni. Mwanamke mgeni, aliyefunga kitambaa cheupe kichwani, alikuwa akimfuta mama uso kwa taulo yenye maji, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Alipofika kwenye sikio, alikunja ncha ya taulo akalisafisha kwa ndani, vile mama alivyokuwa akinisafisha mimi. Sikuwahi kujua jina lake.

Basi niliporudi na cheti nikatafuta kazi mjini. Nilifua gauni langu jeupe, nikalipiga pasi ya makaa, nikatembea kwa Barabara ya Ngong nikiwa nimebeba viatu mkononi hadi lami ilipoanza.

Kwenye zahanati ya manispaa nilimkuta karani mwenye kalamu sikioni. "Kesho, dada." Kesho nikaja. "Kesho."

"Kesho ya lini?"

"Kesho ya Mungu. Kwani ya Mungu inaisha?"

Wenzake wakacheka. Siku aliponiambia neno lingine, alisema nafasi imepata mtu.

Kwenye mtaa wa maduka ya Wahindi, daktari mmoja alikisoma cheti changu hadi mwisho. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Aliniuliza maswali ya homa na ya vidonda, nikamjibu, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akatazama barabarani. "Dada, wagonjwa wakiona mkono wako umeshika sindano yangu, watavuka waende kwa jirani. Si mimi. Ni wao." Akaniambia ipo kazi ya kufua na kupiga pasi makoti. Aliniletea chai nikanywe kwenye ngazi ya nje, na hakuweza kunitazama nikiinywa. Chai ile ilikuwa tamu, nami niliichukia kwa utamu wake.

Lavington niliambiwa kuna mtoto mgonjwa anayehitaji muuguzi. Memsahib, mama Mzungu wa nyumba ile, alitoka barazani, akashika cheti kwa vidole viwili. "Mimi hapana taka sista. Mimi taka yaya. Hii karatasi naweza osha nepi?" Hakuwa mkali. Alikuwa akicheka, na mbwa wake walikuwa wakinilamba magoti. Getini, mtunza bustani alinifungulia huku akisikitika.

"Ungekuja bila karatasi, mwanangu, saa hii ungekuwa ndani unabembeleza mtoto. Hapa kusoma ni kama tetekuwanga. Wanaogopa utawaambukiza watoto."

Pasi yangu ya kuingia mjini ilikuwa karibu kwisha, na bila mwajiri isingeongezwa. Siku niliyodhani ni ya mwisho niliingia hospitali moja ya Waafrika, nikaketi kwenye benchi la nyuma. Nilipelekwa kwa sista mkuu, mama mnene kutoka upande wa magharibi, mwenye sauti ya kuimbisha kanisa zima. Alikitazama cheti, akanitazama mimi.

"Kizuri. Kwenu wapi?"

"Kabiria."

Akashusha pumzi. "Basi nawe ni wa hawa hawa. Sikiliza, mama. Kazi ipo. Ipo kila siku. Ni wodi ya wagonjwa mahututi, na wengi hawatoki kwa miguu yao. Akifa, wewe ndiye wa kumfunga macho, kumwosha, kumfunika. Wa mwisho kutoka kwenu alianza asubuhi, mgonjwa akakata roho mchana, binti akapita dirishani kama kuku ameona mwewe. Mpaka leo hajarudisha kofia yetu!"

Sikucheka. Naye akaacha kucheka.

"Kwetu tunakaa naye maiti, tunamlilia, tunamwambia hata makosa yake. Nyinyi mnaogopa nini? Hata kukutukana hawezi."

"Nyanya yangu anakula kutoka mkono wangu," nilisema. "Ni kipofu."

Nilitegemea ashangae. Alifunga cheti changu katika bahasha yake, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha msibani.

"Jumatatu nitakuwa hapa asubuhi," alisema. "Ukija, umekuja. Usipokuja, sitakulaumu. Lakini usinijie halafu ukimbie. Wale wanaokufa huku wengi hawana mtu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na Kawangware wanawake walikuwa wakiuza ndizi kabla ya saa ya kafyu kuwafagia, wakaniita kwa gauni langu, "Sista! Sista!" Milango yote yenye heshima ilikuwa imefungwa, na mmoja uliofunguka ulinidai mikono hii. Niliinyosha mbele yangu nikitembea. Ilikuwa mikono ya kawaida, yenye kovu dogo la moto. Nilijiuliza inawezekanaje mikono miwili iwe ya wengi wanaokufa na ya mmoja anayeishi.

Sikuweza kumficha. Jioni ile, kabla hajauliza, nilimwambia kila kitu, kata ikiwa bado mkononi. Alitafuna lililokuwa mdomoni hadi likaisha.

"Kuna mbuzi wa kutakasa," nilisema.

"Mbuzi ni wa aliyeteleza. Anayeingia mtoni kila asubuhi, nani atamkausha?"

Alifungua mdomo, nikampa uji uliobaki.

Mama mdogo alisikia, akaja na kikombe chake cha chai, maana hakupenda habari ikipoa. Alikuwa mtu wa kanisa, na sauti yake ilijua kupanda mimbari.

"Sisi tumeokoka! Mambo ya unajisi ni giza la zamani. Nenda ukafanye kazi, binti. Watoto hawa watakula unajisi au watakula ugali?"

"Umenena," nyanya alisema. "Akianza kazi, utakunywa chai kikombe kimoja naye?"

Mama mdogo alikitazama kikombe chake. "Si lazima watu wanywe kikombe kimoja," alisema polepole. "Hata daktari anakataza. Vijidudu."

Nyanya alicheka hadi akakohoa. Nami nilicheka, na katikati ya kicheko nikaacha, kwa sababu nilijua wote wawili wamenijibu.

Niliamua kutokwenda. Niliamua hivyo Alhamisi, na Ijumaa niliamua tena, kama mtu anayefunga mzigo usiokubali kufungika. Nilimwambia nyanya nitalima, nitauza mboga. Alisema, "Haya." Na kila alfajiri, ndani ya usingizi, nilisikia ule mkwaruzo.

Jumapili niliamka mapema ili niende kanisani, nikafumbua macho wakati sauti ingali inaendelea. Hapakuwa na panya. Nyanya alikuwa ameketi mbele ya mafiga, chungu cha uji wa jana kimebanwa kati ya nyayo zake. Mkono wake wa kulia ulishika kata. Aliitumbukiza, akaipoteza, akaitafuta kwa kukwaruza ukingo wa chungu, akaipandisha ikitetemeka. Ilimgonga shavuni. Uji ukamtiririka shingoni. Akaufuta kwa kiganja, akalamba kiganja, akaanza tena. Safari ile ilifika kinywani. Alimeza, akaitikia kwa kichwa, peke yake, kama mwalimu anayemkubali mwanafunzi mzito.

Siku hizi, miaka mingi baadaye, nami nikiwa mwandishi, wenzangu wa kalamu huniuliza kwa nini katika hadithi zangu hakuna mtu anayekula peke yake. Huwa nawajibu jambo lingine.

Lazima nilivuta pumzi, maana aligeuza uso.

"Umeamka."

"Nyanya, unafanya nini?"

"Nakula. Kwani wewe ulizaliwa unajua?"

Nilishuka kitandani, nikapiga magoti mbele yake, nikataka kumnyang'anya kata. Hakuiachia. Alikuwa na nguvu ambazo sikuzijua.

"Nimesema siendi. Nimekuambia mara ngapi siendi?"

"Sauti yako ilikwenda siku ile ile. Umebaki wewe tu hapa." Aliweka kata chini, akapapasa mpaka akapata kichwa changu. "Nikuulize. Yule mwanamke aliyemwosha mama yako."

Hatukuwa tumemtaja maishani mwetu. Sikujua kama alijua niliona.

"Nilisimama chini ya mti," alisema. "Mtoto niliyemzaa mimi yuko ndani, nami niko chini ya mti. Nikasikia maji. Mtu anakamua kitambaa, maji yanadondoka kwenye beseni. Nilikuwa naona wakati ule, lakini ninachokumbuka ni hayo maji. Alipotoka, akaja kunipa pole. Amenyosha mkono. Nikaweka wangu nyuma. Kwao, yule, alikuwa na mama? Aliporudi jioni, walimpa chakula?"

"Sijui, nyanya."

"Nimejiuliza miaka yote hii kama walimpa chakula."

Nililia pale majivuni, naye aliniacha nilie, mkono wake kichwani.

"Basi kula kwangu," nilisema. "Kama unajua hivyo, kula kwangu nikirudi."

Nadhani alijaribu kwa moyo wake wote. Niliuona uso wake ukijaribu.

"Siwezi," alisema. "Ningeweza ningekuambia. Mimi ni mzee, mke mwenza. Mwili wangu hautakubali, nitatapika. Lakini wewe nenda. Utalala kwa mama mdogo. Utakuja unisalimie ukiwa mlangoni, nami nitakujibu. Hilo naliweza."

Jumatatu alfajiri alinikubalia nimlishe. Nilipika uji wa wimbi mwepesi kama anavyoupenda. Nilimpa kata baada ya kata, naye alikunywa polepole mno, hata uji ulipokwisha alibaki amefungua mdomo kidogo, nami sikuwa na kitu cha kuweka. Nilimfuta kidevu. Nilikunja ncha ya kanga, nikamsafisha sikio kwa ndani. Akatulia kabisa.

"Ndivyo alivyofanya?" aliuliza.

"Ndivyo."

Nilichukua viatu vyangu mkononi. Nje, ukungu ulikuwa umelala juu ya miwati, na kuku walikuwa wameanza kushuka. Mlango wa nyanya ulikuwa umelegea bawaba. Ukitaka kuufunga ilibidi uunyanyue, na tangu alipopofuka kazi hiyo ilikuwa yangu. Mchana haukufungwa kamwe. Alipenda jua limpate miguuni.

Nilikuwa nimefika katikati ya ua nilipousikia ukiburuta udongo. Niligeuka. Alikuwa amesimama kizingitini, uso umeelekea pale nilipokuwa, mikono yote miwili ikipapasa ubao kutafuta pa kushika. Nilitaka kurudi nimnyanyulie. Nilipiga hatua moja.

"Usirudi," alisema. "Nimeupata."

Akaunyanyua, ukafungika.