Nilipanda treni kwenda Genoa kumtafuta kaka aliyeniambia yuko baharini

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Mimi humu ndani ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi kuna mdau aliuliza kama ni kweli watu wa nje tunadanganya nyumbani, nikaona wengi wanacheka. Mimi sikucheka.

Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu.

Nipo Johannesburg, mwaka wa tisa huu. Mzaliwa wa Tanga. Kazi yangu ni fundi lifti. Yale majengo ya vioo ya Sandton, lifti zikigoma tunaitwa sisi. Kulala nalala Berea, ghorofa ya nane, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijaingia nchi hii. Napanda ngazi kila siku na mzigo wa vifaa vya kutengenezea lifti mgongoni. Nilishaomba niifufue bure, mwenye jengo hataki hata kunisikia.

Eish, tuache hayo.

Mwaka jana mwezi wa tano kampuni ikanipeleka kozi ya wiki mbili Turin, kaskazini mwa Italia. Jumatatu mpaka Jumamosi darasani. Jumapili moja tu ya mapumziko.

Na Italia ndiko aliko kaka yangu. Nimwite Shabani.

Shabani ananizidi miaka kumi na mbili. Aliondoka nyumbani nikiwa darasa la tatu. Alishuka South, akafika Durban, akazamia meli. Miezi ikapita bila habari, mama akawa anaswali akilia. Halafu ikaja simu: yuko Genoa, mzima, kapata kazi melini. Kawa baharia.

Baba alifurahi sana. Alikwenda kuwatangazia watu msikitini.

Ni miaka ishirini sasa. Katika miaka hiyo yote tulikuwa tunaijua sauti yake tu. Ukimwomba video call, anasema melini mtandao hauwezi. Baba alipooza miaka miwili, akafariki, na Shabani hakuja. Alisema meli iko mbali na nchi kavu. Mimi nilikuwa Joburg tayari, nilikwenda kuzika. Yeye hakuja, na moyoni nilimwekea kinyongo.

Basi nilipopata safari ya Turin nikampigia. Nikamwambia kaka, nakuja, kutoka Turin mpaka kwako ni treni ya saa mbili hivi.

Akasema, "Mdogo wangu, bahati mbaya. Wiki hizo tutakuwa tunavuka kwenda Brazil."

Nikasema sawa.

Ila niliamua nitakwenda tu. Kama simwoni yeye, angalau niuone mji wake. Na nilikuwa na anwani. Aliwahi kumtumia mama miwani kupitia kwangu, na kwenye boksi kulikuwa na jina la mtaa na namba ya nyumba. Nilipiga picha wakati ule bila sababu yoyote.

Jumapili asubuhi nikavaa begi mgongoni: chupa ya maji, mkate, sweta, chaja. Backpacker wa siku moja.

Ushauri wa bure kwa wanaotaka kujaribu: hizi treni zao za mikoani, ukinunua tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine pale stesheni kabla hujapanda. Mimi sikujua. Nimezoea treni ya Sandton, unagusisha kadi geti linafunguka. Mama mmoja mtu mzima aliiona tiketi yangu mkononi, akanishika mkono wa shati akanipeleka kwenye mashine bila kusema neno. Bila yeye ningeanza siku na faini.

Njiani kwanza ni mashamba, tambarare kabisa. Baadaye inakuja milima, na treni inaingia tunnel moja baada ya nyingine. Unaona mwanga kidogo, kijiji, giza tena. Nilikaa dirishani nikiwaza nitamwambia nini mama. Kwamba nimeuona mji wa Shabani? Mji bila mwenyewe una faida gani kwake?

Genoa ni mji uliobanwa kati ya mlima na bahari ya Mediterranean. Chini kuna bandari na vichochoro vyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nikinusa ile harufu ya chumvi na nguo zilizoanikwa juu ya kichwa, nilikumbuka nyumbani mpaka nikasimama. Juu ya vichochoro nyumba zimepanda mlima ghorofa juu ya ghorofa.

Na wakuu, kuna lifti za umma. Watu wanapanda kama basi, kutoka mtaa wa chini kwenda mtaa wa juu. Simu ikanionyesha mtaa wa kwenye boksi uko juu, nikaingia mojawapo. Ya zamani, lakini imetunzwa, mlango unafunga bila kelele. Nilijisikia aibu kwa niaba ya jengo letu la Berea.

Nikaipata nyumba. Mlangoni kuna kengele na majina ya familia. Nikasoma yote mara mbili. Jina la kaka halikuwepo.

Nilisimama pale kama dakika kumi. Nikaona basi, yameisha, nishuke nikatembee bandarini nirudi zangu.

Kona ya mtaa kulikuwa na duka dogo la kahawa. Nikaingia kuomba maji, na sijui kilichonituma, nikamwonyesha dada muuzaji picha ya Shabani, ile ya zamani ya ujana wake. Akaiangalia, akacheka, akasema, "Ah, Saba," kumbe ndivyo wanavyomwita huko. Akanitoa nje akanionyesha kwa kidole kibustani kilicho mbele, pale mlima unapokatika na bahari inaonekana yote.

Nilisikia kabla sijaona.

Nilisikia Kiswahili. Tena cha Tanga. "Haya babu, kipande cha mwisho hiki. Tafuna taratibu, hatukimbizwi."

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanaume kanipa mgongo. Mbele yake, kwenye kiti cha magurudumu, mzee wa Kizungu, mwembamba, leso shingoni. Yule mwanaume alikuwa anamlisha peasi kwa kisu kidogo.

Nilikuwa na hasira. Nilikuja na maneno. Lakini ulimi ukasema wenyewe:

"Shikamoo kaka."

Akajibu "marahaba" bila kugeuka. Kisha mkono wenye kisu ukasimama hewani.

Alipogeuka nilimwona baba. Paji la uso lile lile, upara ule ule. Mimi nilikuwa natafuta kijana wa kwenye picha, kumbe amekwisha zamani.

Hatukukumbatiana. Nikamuuliza, "Hii ndiyo Brazil?"

Akafunga kisu, akafuta mdomo wa mzee kwa leso.

Nikaendelea. Nilimwambia kuhusu msiba, namna mama alivyokuwa akiangalia mlango siku zote tatu za matanga. Nilisema mengi ambayo leo ningeyapunguza. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa.

Katikati ya maneno yangu yule mzee akaanza kuhangaika kwenye kiti, akipiga paja kwa kiganja. Shabani akainuka. Akasema, "Amejichafua. Lazima nimrudishe ndani. Mwishoni mwa wiki niko peke yangu, njoo unisaidie kumshika."

Sikujua nikatae vipi.

Tukaingia kwenye ile nyumba ya kengele. Bafuni akanionyesha pa kuweka mikono: moja chini ya kwapa, moja nyuma ya kiuno. Mzee alinishika shingo kwa nguvu kama mtoto. Shabani akamvua, na kila alipofunua sehemu moja alikuwa anafunika nyingine kwa taulo. Maji aliyapima kwanza kwa kiwiko. Muda wote anamsemesha, "Pole babu, tunamaliza, pole." Na mzee, ambaye niliambiwa baadaye hata jina la binti yake hulisahau, akasema "asante".

Nilimwangalia kaka yangu anavyomsitiri yule mzee. Hasira ikaniishia pale pale, nikabaki nimeshika taulo.

Bila kuniangalia akasema, "Baba alipopooza, ilikuwa mwaka wangu wa kwanza na huyu. Kila asubuhi nikimwosha nasema, ningekuwa kule. Wakati ule sikuwa na karatasi. Nikitoka sirudi, na pesa ya dawa za baba inatoka hapa. Nikamwosha baba wa wenzangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, wakuu. Ile pesa ya dawa tuliyokuwa tunaisifia "ya meli" ilitoka kwenye bafu lile.

Mzee alipolala tulikaa jikoni. Alipika wali kwa nazi ya kopo na samaki. Akanieleza yote. Meli ilimshusha, hakukuwa na kazi yoyote melini. Alilala nje, alibeba makreti sokoni, mwisho akaingia kutunza wazee. Huyu ni wa tatu. Familia ya mzee ndiyo iliyomwombea karatasi, amezipata miaka mitatu tu iliyopita.

Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli, hata baada ya karatasi.

"Baba alishawaambia watu msikitini. Amezikwa akijua ana mtoto baharia. Ningeanzia wapi?"

Nikataka kumhukumu. Nikakumbuka na mimi nyumbani wananiita injinia wa Sandton. Mama anaamini nina nyumba huko. Hajui kuhusu chumba cha Berea kilichogawanywa kwa pazia, upande huu mimi na Mtanga mwenzangu, upande ule Wakongo wawili. Nikamwambia Shabani. Alicheka mpaka akashika meza, nikacheka na mimi. Ndipo tukakumbatiana.

Saa kumi na moja nikaondoka. Hakuweza kunisindikiza stesheni, mzee haachwi peke yake. Alinifikisha mlangoni, akaniomba nisimwambie mama. Nikamwahidi.

Najua kuna mdau atauliza nilitembelea vivutio gani Genoa. Mkuu, niliona bafu na jiko. Bahari niliiona dirishani nikiosha vyombo.

Niliporudi Joburg mama akapiga. "Umemwona ndugu yako?"

Nikasema, "Hapana mama, alikuwa safarini."

Neno hilo halikunitoka wiki nzima. Nikiwa kazini nalifikiria, nikipanda zile ngazi nalifikiria. Mwisho nikampigia Shabani, nikamwambia kaka, ahadi yako ni nzito, siiwezi. Sitakusemea. Ila mwambie mwenyewe.

Zikapita kama wiki tatu. Siku moja niko juu ya kabati la lifti, kile chumba wanachopandia watu, huko Sandton, simu ikaita. Mama. Nikajua kuna jambo, hapigi saa za kazi.

Akasema Shabani amempigia kwa video. Amemwona yeye, amemwona na mzee wake, mpaka amesalimiana naye.

Nikamuuliza, "Umekasirika, mama?"

"Nikasirike nini? Mtu wa meli gani anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala, saa ile ile, miaka yote? Siku nyingi nilishajua hayuko melini. Nilichokuwa sikijui ni kama yuko jela."

Nilikaa chini pale pale juu ya kabati.

Akaongeza, "Nilimwachia baba yako furaha yake. Ila mimi mngeniambia. Miaka yote nimeomba dua ya mfungwa."

Hapo hapo nikamweleza na habari ya Berea. Pazia, ngazi, Wakongo, yote. Akasikiliza. Akauliza kama Wakongo ni watu wazuri. Nikasema wazuri. Akasema basi niwasalimie.

Mwezi wa nane binti wa mzee alichukua likizo akamtunza baba yake mwenyewe. Shabani akaenda Tanga, wiki tatu. Nilimuuliza mama walifanya nini siku ya kwanza, baada ya miaka ishirini.

Akasema, "Alilala. Nami nikakaa namtazama."

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo. Tunadhani uongo unawapunguzia wazazi mzigo. Kumbe wanaona pengo, na pengo hilo wanalijaza kwa mambo mabaya zaidi ya ukweli wenyewe. Kumwosha mzee wa watu si aibu. Kutengeneza lifti si aibu. Mama yangu alikuwa tayari kupokea mfungwa, angeshindwaje kumpokea mtunza wazee?

Kama una ndugu aliye "safarini" siku nyingi, usimtukane kwanza. Ukipata nafasi, nenda ukamwone.

Na wewe uliye nje unayesoma hapa, je, nyumbani wanajua unalala wapi? Karibuni tuzungumze, nitawajibu nikitoka kazini. Matusi sijibu.