Parokia Aliyoombwa na Kaka Yake

Orsolina, mpishi wa askofu wa Vallescura, alishamzoea askofu huyo, aliyekula maharage yaleyale ya watunza farasi, na sauti yake haikupanda hata alipomkemea padri mlevi. Siku moja kaka yake askofu alikuja kumwombea mwanawe parokia.

“Misa anaijua?” askofu aliuliza.

“Atajifunza akishaipata parokia, mdogo wangu. Sisi si damu moja?”

“Basi aje akishajifunza, kaka.”

Kaka aliondoka bila kuaga wala kugusa chakula. Askofu alisimama dirishani mpaka kishindo cha farasi kikapotea. Orsolina alipoleta supu, alimkuta akilia kimyakimya.

“Ndiye aliyenilea, mama,” alisema. Kisha akapangusa uso, akaagiza parokia ile apewe padri aliyebaki kuzika maskini wakati wa tauni.