Dengu za Karani Rashidi

Mwahija binti Bakari alizaliwa Songo Mnara, kisiwa ambacho mtoto wa kike hujua kupaa magamba ya samaki kabla hajajua kusuka ukili wa mkeka. Alipoolewa Kilwa Kivinje, miaka michache kabla ya vita ya pili ya Wazungu, alikwenda na ujuzi huo, na mumewe Rashidi, karani wa baraza, akanenepa. Mwaka wa kwanza walikula changu, ngisi na pweza wa nazi. Dengu hakuna aliyeziwaza.

Mwaka wa pili Rashidi na kaka yake walialikwa chakula cha mchana kwa rafiki. Ndani ya mchuzi, bila mtu kujua, kulikuwa na vipande vya bunju, yule samaki mwenye sumu. Kaka mtu alikufa kabla ya magharibi. Rashidi, ambaye alikuwa ameonja kidogo tu, alilala siku mbili midomo imekufa ganzi, hawezi kuinua kidole wala kufumbua jicho, lakini masikio yanasikia. Aliwasikia watu wakiulizana kama sanda ya pili imeshapatikana.

Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Samaki hakumgusa tena, nyama hakuitaka, na chakula cha mkono wa mtu yeyote asiyekuwa mkewe hakikumshuka kooni. Hata kwa mama yake mzazi alikuwa akinawa, akilitazama sinia, kisha akiomba radhi na kuondoka.

Mwahija alimpikia kunde, mbaazi na kisamvu mpaka mume akachoka. Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa mke wa Banyani mwenye duka, na watu hao tangu kuzaliwa hawakujua ladha ya nyama. Mama huyo ndiye aliyemkalisha jikoni mwake akamfundisha dengu: uziloweke tangu jioni, uzichemshe kwa chembe ya magadi, na chumvi usiitie mpaka zimelainika, la sivyo zitabaki ngumu kama kokoto. Mengine Mwahija aliyaongeza mwenyewe. Alitia tui, bizari na tangawizi ya kuponda, mwisho akakamulia ndimu. Alisaga unga wake akakaanga bajia. Siku nyingine alizipika kavu, na vitunguu vilivyoungua kidogo pembeni, zikaliwa na muhogo wa kuchemsha. Rashidi akarudisha mwili, na majirani wakawa wanaleta bakuli kuomba.

Lakini karani hakai mjini mwaka mzima. Baraza lilizunguka vijijini kusikiliza kesi za mashamba na za ndoa, na makarani wengine waliwaacha wake zao nyumbani. Rashidi alikwenda na mkewe. Mwahija akajifunza kupika njiani. Dengu zilizoloweshwa alizifunga katika kitambaa chenye maji na kuzitia kikapuni. Wanapofika kijijini zimeshachipua vimkia vyeupe, na kuni nusu ya zile za kawaida zinatosha. Nyingine alizikaanga kwa mchanga wa moto na kuzimwagia maji ya chumvi, za kutafuna wakitembea.

"Una bahati wewe," wanawake walimwambia. "Mumeo hawezi siku moja bila yako."

Mwahija alitabasamu. Tangu mume augue hakuwahi kulala Songo Mnara zaidi ya usiku mmoja. Harusi ya mdogo wake Kudra aliiacha kabla bibi harusi hajatolewa nje, kwa sababu mjini kulikuwa na mtu anangoja chakula. Nyumbani kwake mwenyewe hakupika samaki, kwa kuwa harufu yake ilimtapisha mume. Na Rashidi hakuwa mkali. Hakumpiga, hakumpandishia sauti. Akiombwa ruhusa alisema kwa upole, "Nenda tu, mimi nitafunga," na Mwahija alijua kwamba kweli atashinda na kulala na njaa. Angekuwa mkali, angalau angepata cha kugombania.

Masika ya mwaka wa tisa wa ndoa yaliwakuta kijiji cha Miteja. Walipewa chumba kwa jumbe wa pale, na mke wa jumbe, Mastura, akamwachia Mwahija kibanda cha jiko nyuma ya nyumba. Siku ya tatu mvua ilinyesha bila kupumzika. Mto Matandu ukafurika, daraja la magogo likachukuliwa, na upande wa pili barabara ikamezwa na tope. Hakuna aliyekuja barazani tena. Rashidi alishinda chumbani akinakili upya karatasi alizokwishanakili. Mwahija alishinda kibandani. Kuni zilikuwa mbichi, moshi haukuwa na pa kutokea, na mara tatu kwa siku alipiga magoti akipuliza moto mpaka macho yakawa kama ya mgonjwa. Kutoka kibandani mpaka chumbani zilikuwa hatua kumi na nne. Kwa siku kumi na mbili dunia yake haikuzidi hapo.

Siku ya kumi na tatu aliingia Ismaili, mtoto wa mjomba wake, nguo zimemgandia mwilini. Alikuwa amevushwa kwa mtumbwi huko juu, maji yanakopungua kasi.

"Dada, mama yako ameanguka," alisema. "Upande wa kulia wote umekufa. Anakutaja wewe tu."

Mwahija alimfuata mumewe chumbani.

"Maji yakipungua tutakwenda sote," Rashidi alisema.

"Yatapungua lini?"

"Mungu ndiye ajuaye."

"Ismaili amevuka leo. Mtumbwi upo."

Rashidi alitazama kalamu yake. "Mimi siwezi kuondoka kabla baraza halijafungwa. Kesi za kijiji cha Tingi nazo zinangoja. Nenda wewe, Mwahija. Mimi nitafunga."

Mwahija alirudi kibandani akakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Mastura alikuja na kuni chache kavu alizozihifadhi uvunguni, akamkuta analia, akakaa naye.

"Mwenzangu," aliuliza baadaye, "huyo bwana ana mikono?"

"Anayo."

"Basi," alisema Mastura, akainuka.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Mwahija alimwita mumewe jikoni. Rashidi alisimama mlangoni, kanzu ameishika juu isiguse majivu.

"Leo utapika wewe," Mwahija alisema.

"Mimi sijui."

"Ndiyo maana nimekuita."

"Nikikosea je?"

"Utakula zilizokosewa. Dengu hazina sumu."

Rashidi alikitazama chungu. "Unajua kwamba siwezi kula mkono wa mtu mwingine," alisema kwa sauti ndogo.

Mwahija alimshika kiganja, akakifungua, akakitia mle ndani ya dengu zilizolowekwa. "Huu si mkono wa mtu mwingine."

Chungu cha kwanza Rashidi alikiharibu. Alitia chumvi mwanzo, akasahau maji, zikaungua. Mwahija hakukigusa, alikaa juu ya kinu mikono mapajani, akisema tu, "Punguza moto," "Ongeza maji." Cha pili kiliiva saa za adhuhuri. Rashidi alichota kwa upawa, akapuliza, akaufumba mdomo kama mtoto anayepewa dawa, kisha akala. Akangoja, mkono umeushika ukuta. Hakuanguka. Akala tena.

Mwahija aliondoka siku ile ile na Ismaili. Alivuka Matandu amekaa chini katikati ya mtumbwi, maji ya mto yakimrukia mapajani, na siku ya nne alikuwa Songo Mnara. Mama yake alikuwa hai. Alimshika mkono kwa ule wa kushoto, akaupeleka puani.

"Unanuka bizari," alisema kwa taabu. Siku zile maneno yake yaliyoeleweka yalikuwa machache.

Aliishi siku tisa. Mwahija alimwosha, alimlisha uji, alilala naye kitanda kimoja. Jioni moja Kudra alimpa samaki wa kuchoma, na mwiba ukamkwama kooni mpaka akapigwa mgongoni, kwa jinsi alivyokuwa amesahau kula samaki. Baada ya maziko alikaa mpaka arobaini, kisha akarudi Kivinje.

Alimkuta Rashidi amekonda, kidole gumba kina kovu la moto. Jioni ile mume alimwandalia dengu. Tui lilikuwa limekatika na chumvi imezidi. Mwahija alizila zote. Kesho yake asubuhi Rashidi alikaa mkekani akimngoja apike, na Mwahija akapika.

Hilo la kumpikia hakulipatia njia ya kuliacha mpaka uzeeni. Mume akiwapo mjini, jiko lilikuwa la Mwahija, mara tatu kwa siku. Lakini safari za baraza alizikataa. Rashidi alibembeleza, akanuna, akasema watu wa Tingi wamemcheka walipomwona karani anapuliza moto. Mwahija alimfungia kikapu, akamwambia aende salama, na yeye akapanda chombo kwenda kwa mdogo wake.

"Mbona hukai hata mwezi?" Kudra alimuuliza mara moja, walipokuwa wakianika mtama. "Anajipikia sasa. Nani anakuita?"

"Hakuna," Mwahija alisema, akiendelea kuusambaza mtama kwa kiganja. "Wiki mbili nakaa vizuri. Ikiingia ya tatu, naanza kumsikia anakohoa, kama yupo chumba cha pili."

Keshokutwa yake alifunga nguo zake.