Tambuu Mdomoni mwa Mnong'onezaji

Kwa miaka thelathini na mmoja Nirapada Sarkhel alikuwa nguzo ya michezo ya kuigiza ya uchochoro wa Notun Pukur, kaskazini mwa Kolkata, na hakuna mtazamaji aliyepata kumwona. Kazi yake ilikuwa kunong'oneza. Kila sikukuu ya mungu mke Durga, waigizaji wakishapanda jukwaani, yeye alijibanza nyuma ya pazia la pembeni, daftari pajani na tochi mkononi, akawatangulizia kila sentensi kabla hawajaisema. Kwingine huenda waigizaji huhifadhi maneno kichwani. Pale mtaani hakuna aliyehifadhi kitu. Gopen fundi cherehani, ambaye kila mwaka alikuwa ama mfalme ama baba mkwe, alisema bila haya, "Kichwa changu kimejaa vipimo vya suruali za watu. Maneno akae nayo Nirapada."

Zamani Nirapada alipanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji, mpaka kiwanda kikafungwa. Mkewe alikuwa ameshafariki, binti yake ameolewa mji wa mbali, Asansol. Kilichobaki cha kumfanya anyoe ndevu asubuhi ni ile klabu ya mtaa, chumba kimoja chenye meza ya keram na benchi lililovunjika mguu.

Mwaka huo uwanja wa jukwaa ulizungushiwa mabati, linajengwa ghorofa. Katibu wa klabu, Tushar, akaja na wazo lake: safari hii watengeneze hadithi ya kusikilizwa, tena habari ya mtaa wenyewe, ipigwe kwenye vipaza sauti vinavyofungwa nguzoni wakati wa sikukuu. Wakachagua habari ya bwawa lililofukiwa, lile ambalo uchochoro umechukua jina lake, maana Notun Pukur ni Bwawa Jipya. Tushar alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya kumbukumbu za watu, na Nirapada akaziandika zote kwa mwandiko wake ulionyooka. Sehemu kubwa, ya bibi anayelikumbuka bwawa, alipewa Binapani, mjane wa miaka sitini na ushei ambaye mtaa mzima humwita shemeji.

Walirekodia chumbani kwake. Magodoro yaliegemezwa madirishani, feni ikazimwa, jasho likawatoka. Mwenye mashine alikuwa Runu, mpwa wa Tushar, aliyesomea kazi ya sauti. Kila mtu alipewa karatasi yake. Nirapada naye akaja na daftari lake na kiti chake kidogo, akakaa kuliani mwa Binapani, nyuma kidogo, kama alivyozoea, na hakuna aliyeona ajabu.

Walipomaliza kurasa tatu, Runu akawasikilizisha. Kabla ya kila neno la Binapani kulikuwa na kijisauti kingine, chembamba, kinasema lilelile.

"Mama yangu!" Gopen alipiga kelele. "Bwawa lina mzimu!"

Wakacheka mpaka Tushar akafuta machozi. Nirapada alicheka pia, kidogo.

Runu akamsogelea, akasema kwa adabu, "Mjomba, usinielewe vibaya. Hii mashine inasikia hata mbu. Na kila mtu ana karatasi, kwa hiyo kunong'ona safari hii hakuna haja."

"Ni kweli, mwanangu. Ni kweli kabisa," alisema Nirapada. Akakunja kiti chake, akavaa kandambili zake barazani, akaenda zake. Nyumbani aliliweka daftari juu ya kabati, halafu akalishusha, halafu akalirudisha. Siku ya pili hakunyoa.

Siku hiyo ya pili chumbani mambo hayakwenda. Binapani alisoma kama mtu anayesoma bili ya umeme. Gopen alifungua kurasa kwa kishindo. Runu alivua vidude vya masikioni. "Hizi karatasi zinakohoa," alisema. "Tupumzike, tunywe chai."

Wenzake walipokuwa na vikombe vyao vya udongo mkononi, Binapani alivuka uchochoro, akagonga kwa Nirapada.

"Kaka, umenisusa?"

"Nimsuse nani, shemeji? Si nimeambiwa nina kelele?"

"Una kelele, ndiyo. Sasa nani kakwambia mimi huwa nayasikia maneno yako?"

Nirapada alimtazama. "Miaka yote hii?"

"Sikio la kulia limekufa tangu nimzae Montu, na wewe unakaa kulia siku zote. Ninakuangalia kwa pembe ya jicho. Ukivuta pumzi ninajua zamu yangu imefika. Ukiinua nyusi ninajua hapa pana uchungu. Maneno yenyewe nayajua, nimeyasema nikipika. Nisipokuona ndipo yanapotea." Akageuka kuondoka. "Nyoa hizo ndevu. Unatisha."

Alirudi naye. Tatizo likawa mdomo. Nirapada alijitahidi kunyamaza, lakini midomo iliyonong'ona miaka thelathini na mmoja ilijiendea yenyewe, na Runu alikuwa akiinua kidole kila mara. Mwishowe Binapani akafungua kikopo chake cha shaba, akakunja tambuu kubwa yenye popoo na chokaa, akamsukumia shavuni.

"Haya. Sasa sema."

Mwenye tambuu mdomoni hasemi. Akisema, atalichafua shati lake na la jirani. Nirapada alikaa mbele ya Binapani safari hii, kitandani, bila daftari. Akavuta pumzi kwa pua. Binapani akaanza, na ule usomaji wa bili ukatoweka. Gopen mwenyewe aliweka karatasi chini.

Wakafika pale bibi anaposimulia siku ya kufukia. Katika daftari palikuwa na sentensi mbili tu: malori yalikuja, bwawa likafukiwa. Binapani alizisema, kisha hakunyamaza kama ilivyoandikwa. Macho yake yalikuwa kwa Nirapada.

"Walimwaga majivu kwanza," alisema. "Samaki walipanda juu kupumua. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kunisemesha vizuri, alinishika mkono, tukaingia na sari zetu, tukawa tunawatia ndoo. Tuliwapeleka wapi? Hapakuwa na pa kuwapeleka. Tulisimama tu na ndoo."

Akatulia. Nirapada hakujua neno linalofuata. Kwa mara ya kwanza alikuwa akisikiliza mchezo kama mtu aliyekuja kuutazama, na mdomo ulikuwa umemjaa mate mekundu, hakuna pa kutema. Akameza. Chumba kizima kilisikia: glubu!

Alifumba macho kwa aibu. Runu alikuwa ameinamia mashine yake, na kidole hakikuinuka.

Jioni ya siku ya nane ya sikukuu vipaza sauti vililia uchochoro mzima. Watu walisimama na bisi zao za mchele zenye mafuta ya haradali, wengine kwenye roshani, na hadithi ilipofika kwenye ndoo hakuna aliyetafuna. Palipopita ule ukimya, kitu kikazama majini, glubu, kikaenda zake.

Mzee mmoja wa nyumba ya kona alimshika Tushar bega. "Nimeogelea pale miaka kumi na tano. Sauti hii ya maji mmeitoa wapi?"

Tushar akamgeukia Nirapada, aliyesimama chini ya nguzo, amenyoa, shati limepigwa pasi.

"Muulize huyo," alisema. "Mwaka ujao anataka na jina lake litajwe kati ya waigizaji."

"Sijasema hivyo," alinong'ona Nirapada.