Salamu Niliyoipita Kibo

Amini au usiamini, mimi nilikuwepo. Sikusimuliwa na mtu, wala sikuwa nimelewa. Pombe sijaonja tangu nizaliwe. Nakuambia kwa sababu umeniuliza kwa nini navaa soksi mbili mbili hapa Bariadi, jua la Oktoba likiwaka hivi. Basi kaa, sikiliza.

Mimi ni mtoto wa Sapiwi, kijiji cha hapa karibu. Nimekulia kwenye pamba na ng'ombe, lakini riziki niliipata Moshi, nikibeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro, baadaye nikawa mwongozaji. Wenzangu Wachaga walinitania kila siku. "Msukuma na mlima wapi na wapi? Rudi kwenu ukachume pamba." Utani tu, lakini uliniingia. Nikasema nitawaonyesha. Nitapanda Kibo peke yangu, bila mzigo, kwa mwendo wa mbio, niguse kilele na kurudi getini, chini ya mlima, kabla ya saa nne asubuhi.

Siku tatu kabla, dada yangu Kabula akapiga simu kutoka nyumbani. Baba alikuwa anaumwa kifua tangu mavuno.

"Anakuulizia wewe tu," akasema. "Anasema uje umsalimie."

"Mwambie nikishuka mlima nakuja."

"Kwani mlima utahama?"

Nikacheka. Kicheko kile nakijuta mpaka leo.

Sasa lazima ujue jambo moja. Kwetu salamu si kitu cha kurusha huku unatembea. Ukikutana na mkubwa unasimama, unachuchumaa. Anakuambia "Mwangaluka", umeamkaje, unaitika. Anakuuliza "Mhola?", habari za kwenu, nawe unampa habari moja moja: ng'ombe, mvua, wagonjwa. Kumpita mkubwa bila kuitika ni kumwambia hayupo. Baba alikuwa mkali kwa hilo. Nikiwa darasa la pili alinirudisha kutoka nusu ya njia ya shule, nikamsalimie jirani niliyempita kwa kuogopa kuchelewa. Viboko vya kuchelewa nikavila palepale shuleni, na baba hakunihurumia.

Nilianza kupanda usiku. Simu nilimwachia rafiki yangu Eliya getini, nipunguze uzito. Nikapita msitu, nikapita mawe, nikaingia kwenye changarawe ile inayokurudisha nyuma kila unapokanyaga. Kulikuwa kumeshapambazuka nilipotokea juu ukingoni mwa kreta, kwenye barafu kubwa, ukuta mweupe mrefu kuliko nyumba yoyote ya mjini kwetu. Theluji ya usiku ilikuwa imefunika njia. Nilifunga vyuma vya kukanyagia barafu chini ya viatu, nikatazama saa. Nilikuwa mbele ya muda wangu kwa dakika sita.

Kando ya barafu alikuwa amesimama mtu.

Amejifunga shuka. Fimbo ameilaza mabegani, mikono ameining'iniza juu yake, vile anavyosimama mchungaji ng'ombe wakinywa maji. Miguuni katambuga, zile ndala za tairi, vidole wazi kwenye theluji. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Wewe baba yako ungemsahau?

"Mwangaluka," akasema.

Sauti ni ileile, na kile kikohozi. Mdomoni mwangu mvuke ulikuwa unatoka, mdomoni mwake hautoki. Na mimi nikafanya nini? Nikatazama saa. Nikajiambia ni hewa nyembamba, mlima huonyesha watu mambo. Niliwahi kumwongoza mgeni aliyekuwa anamwita mbwa wake kule juu, na mbwa kamwacha kwao. Nikapita. Nilipita karibu hata shuka yake ikanigusa mkono, ikanuka moshi wa zizini kwetu.

Nyuma yangu akauliza, taratibu, "Mhola?"

Sikugeuka. Nilikwenda nikagusa kilele, nikarudi njia ileile. Pale hapakuwa na mtu. Kwenye theluji kulikuwa na alama mbili za tairi, zimesimama tu, hazikutoka upande wowote wala hazikuelekea popote. Nilichuchumaa nikazigusa. Halafu nikashuka mbio huku nalia, na nakwambia ukweli, hata hapo bado nilikuwa natazama saa.

Nilifika getini saa tatu na dakika hamsini. Nilikuwa nimeshinda. Eliya hakunipongeza, alininyooshea simu tu. Kabula alikuwa amepiga mara nyingi, simu ya kwanza ilikuwa ya saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Tulipomaliza kuzika ndipo dada akaniambia. Alfajiri ile baba alizinduka akaomba afunikwe miguu. Kabula alipoishika aliikuta baridi sana, na vidole vimelowa maji, wakati kitanda ni kikavu.

"Akasema amekukuta njiani," Kabula akaniambia. "Amekusalimia mara mbili, hukuitika. Tukasema labda anaota. Akasema, mwacheni, ana haraka. Hakusema tena."

Kabula alijua niko mlimani, lakini hakujua kwamba saa ile nilikuwa kwenye barafu, wala nilimpita nani. Nilimweleza baada ya mwaka mzima.

Mlima niliuacha. Vidole vya miguu yangu havijapata joto tangu siku ile; madaktari wamevitazama, wanasema ni vizima. Eliya bado anawasimulia watu mbio zangu, nami namwomba aache, haachi.

Sikukatazi kutafuta. Tafuta, panda, kimbia. Lakini mzazi akikuita umsalimie, nenda siku hiyohiyo, na yeyote akikusalimia njiani, simama umwitikie, hata kama huelewi amefikaje hapo. Mlima hauhami. Kabula alishaniambia.

Kila asubuhi kabla ya kazi napita kaburini. Nachuchumaa, nasema, "Mwangaluka, baba." Nampa habari moja moja: ng'ombe, mvua, watoto wa Kabula. Sina haraka tena. Nikimaliza nasubiri aitike. Haitiki, na simlaumu.